Koo la Ngurumo Mbele ya Jopo

Jumatatu, 3 Machi

Dai langu ni hili, nami nitalitetea mpaka kalamu ikaukiwe: hakuna jopo la mabingwa, hata likikusanya vichwa vilivyosoma kuliko vyote, lenye haki ya kuamua hatima ya koo la mtu ilhali mwenye koo hayumo chumbani. Naliandika leo, kabla jambo lolote halijatokea, asije mtu kesho akasema nililibuni kwa hasira. Tena naliandika nikijua kwamba huenda kurasa hizi nikazitoa hadharani.

Mwenye koo ni baba yangu. Ni dalali wa mnada wa samani kuukuu: makabati, vitanda, meza za ofisi zilizofungwa. Uwanjani wanamwita Ngurumo, kwa kuwa akitangaza "Mara ya kwanza!" hata aliye ng'ambo ya barabara hugeuka kutazama kama yeye ndiye anayeuzwa. Mwaka jana sauti ilianza kukwaruza. Akasema ni vumbi la magodoro. Ikazidi kukwaruza, akasema ni baridi. Wiki iliyopita alikatwa kipande kidogo cha nyama kooni kikapelekwa maabara, na maabara imejibu: saratani ya kikoromeo, pale pale sauti inapotengenezwa.

Hospitali yetu kubwa ina utaratibu. Kila Alhamisi asubuhi mabingwa wa fani mbalimbali huketi pamoja: mpasuaji, daktari wa mionzi, daktari wa dawa za saratani, msomaji wa picha. Hujadili wagonjwa mmoja baada ya mwingine, hukubaliana, kisha uamuzi huteremshwa kwa mgonjwa. Nimesoma mengi juu ya utaratibu huu, na sikatai kwamba ni bora kuliko daktari mmoja kujifungia na kiburi chake. Ninalolikataa ni hilo neno, kuteremshwa.

Mama na Shangazi wameafikiana kuwa Baba asitajiwe jina la ugonjwa. Aambiwe ni uvimbe. Nilipinga kwa hoja zilizopangika, Shangazi akanikata kauli: "Hiyo shahada yako ya falsafa itie kwenye fremu. Huyu ni mdogo wangu, namjua tangu anakojoa kitandani."

Mvua za msimu zimeanza jioni hii. Juu ya bati letu haisikiki redio, sembuse sauti ya Baba.

Jumanne, 4 Machi

Baba amekunywa chai, akakohoa, akasema chai ina moto mno. Nilionja kikombe chake alipotoka. Ilikuwa imepoa.

Alhamisi, 6 Machi

Chumba cha jopo kiko ghorofa ya pili, mwisho wa korido ambayo paa lake linavuja. Chini ya tone wameweka ndoo ya plastiki, na kila anayepita huisogeza kidogo kwa mguu bila kuitazama. Baba na Mama niliwaacha chini, kwenye benchi la kliniki. Mimi nilipanda.

Daktari kijana, binti wa rika langu aliyepewa jukumu la kueleza habari za Baba mbele ya mabingwa, alinikuta nimesimama kando ya ndoo.

"Wewe ni wa yule mzee wa koo?"

"Ni mwanawe."

"Mzee anafanya kazi gani? Hapa wameandika biashara tu."

Hapo nikapata upenyo. Nilimweleza Ngurumo ni nani. Nilimwambia kwamba kumnyang'anya dalali sauti ni kumzika akiwa anatembea. Kwamba mtu si viungo vilivyopangwa kama samani bali ni kile akifanyacho miongoni mwa wenzake. Kwamba baba yangu angechagua sauti kabla ya kitu kingine chochote. Nilisema vizuri, nakiri bila unyenyekevu wa uongo. Aliandika neno moja kiganjani kwa kalamu: sauti.

Kisha akaingia, na mlango ukaachwa nusu wazi kwa sababu ya joto la mashine zao. Nikasikia sauti ya mwanamke mtu mzima, ndiye mpasuaji na ndiye mwenyekiti: "Mdogo aanze." Nilikuja kuelewa kuwa hiyo ndiyo desturi ya chumba kile. Aliye chini kabisa kwa cheo husema wa kwanza, mwenyekiti wa mwisho, asije mtu akajificha nyuma ya kauli ya mkubwa wake. Nilishangaa. Desturi hiyo ningeipendekeza mimi.

Swali lao ni moja. Je, uvimbe umeingia katika gegedu, yaani ile mifupa laini inayokizunguka kikoromeo? Ukiwa umeingia, salama iko kwenye kisu: kikoromeo kitolewe chote, Baba apumue kwa tundu shingoni maisha yake yote, na sauti aliyozaliwa nayo iishie hapo. Ukiwa haujaingia, mionzi pamoja na dawa zinaweza kuutibu na sauti ikabaki. Picha ya skani haikusema lolote, kwa sababu Baba alikohoa ndani ya mashine. Irudiwe.

Nilishuka nikawaambia wazazi wangu: picha irudiwe. Baba aliuliza kwa mnong'ono, "Na wao wanasemaje?"

"Bado wanajadiliana, Baba."

Akatikisa kichwa, akatazama mvua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepita uwanjani kwa Baba kuwajulia hali wenzake. Msaidizi wake ananadi kwa sauti nyembamba kama ya mtu anayeomba radhi. Sofa moja ilikuwa imekwisha pata wateja wawili wanaoshindana, lakini mnada ulisimama, watu wakalowa, eti mwenye sofa amekwenda msalani. Nikauliza kwa nini wasiendelee.

"Sharti la Ngurumo," msaidizi akanijibu. "Kitu hakinadiwi mpaka mwenyewe asimame kando yake. Bei isipompendeza, aseme toa. Hata awe anaharisha, tunamngoja."

Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Alhamisi, 13 Machi

Skani imerudiwa lakini msomaji wa picha ana dharura. Jopo halikumjadili Baba. Ndoo ya korido imejaa, ikamwagika, nikateleza.

Jumamosi, 15 Machi

Anapopanda ngazi tatu za mlangoni kwetu husikika filimbi kooni. Mama akiisikia huanza kuzungumza kwa haraka juu ya jambo lolote, bei ya mapazia, paka wa jirani, ili isisikike. Nami nimeanza kuisikia hata Baba akiwa hayupo.

Alhamisi, 20 Machi

Leo wameamua.

Nilisimama mahali pangu, kando ya ndoo. "Mdogo aanze," akasema mwenyekiti, na daktari kijana akaanza. Sikuyaamini masikio yangu. Maneno yalikuwa yangu, yamevaa koti jeupe: "Mgonjwa ni dalali wa mnada. Sauti ndiyo maisha yake. Mgonjwa anaitaka sauti yake kuliko kitu kingine chochote."

Msomaji wa picha alisema gegedu linaonekana limeguswa, au pengine halikuguswa, hawezi kuapa. Daktari wa mionzi, mwanamume mwembamba mwenye upole wa kukera, akasema kama hawezi kuapa, basi sauti ijaribiwe kuokolewa. Daktari wa dawa akamuunga mkono. Mwenyekiti akasema, "Mimi ningekata. Lakini kama mgonjwa mwenyewe ndivyo anavyotaka, tuanze na mionzi na dawa. Tukishindwa, tutakata baadaye, na kukata nyama iliyochomwa ni kazi ngumu. Iandikwe hivyo."

Nilitoka pale nikiwa natembea juu ya hewa. Jopo lilikuwa limeusikia wito wa mgonjwa! Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwa maneno hayo hayo, na nayaacha hapa yasomwe.

Jumamosi, 22 Machi

Nitaandika kwa kirefu, maana tangu leo sijui nilikuwa natetea nini.

Niliitisha kikao cha familia sebuleni, tupange nani atampeleka Baba kwenye mionzi, kwa kuwa ni kila siku ya kazi kwa wiki nyingi. Baba alikuwa chumbani amelala, au tulidhani amelala. Mvua ilikuwa inalipiga bati hata ikatubidi kupaza sauti. Shangazi alikaa kwenye kiti cha Baba.

Nilianza kwa kuwaeleza ushindi. Nilieleza desturi ya mdogo kuanza, nilieleza gegedu, nilieleza jinsi neno langu moja lilivyobadili uamuzi wa mabingwa.

"Mungu akuzidishie," Mama akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Sasa na tukubaliane," akasema Shangazi. "Asijue mionzi ni ya nini. Tutamwambia anapigwa picha."

"Kila siku apigwe picha, Shangazi? Kwani anaoa?"

"Usinichekeshe mimi. Wewe kazi yako kuongea, haya, tafuta la kumwambia. Na wewe wifi, uache kulia lia mbele yake."

"Nalia wapi? Nina mafua."

"Mafua ya tangu mwezi uliopita?"

Hapo ukasikika mpigo mmoja ukutani. Mama akasema ni dirisha la jirani. Nikaendelea kugawa zamu. Ukasikika wa pili, mzito zaidi, na picha ya harusi ya wazazi wangu ikacheza kwenye msumari wake. Wa tatu ulipopiga tulikuwa tumekwisha simama.

Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkononi ana nyundo yake ya mnada, ile ya mti mweusi iliyopauka pale anaposhika. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mmeshaniuza?" akauliza.

Mama akaivuta kanga yake.

"Nauliza tu. Nani kaninunua?"

"Mdogo wangu," Shangazi akaanza, "tulikuwa tunazungumzia huo uvimbe—"

"Dada." Aliinua kiganja, akavuta pumzi, na ile filimbi ikasikika wazi licha ya mvua. "Nimesoma nyuso za wanunuzi tangu huyu hajazaliwa. Mtu akilitaka kabati halitazami. Hulitazama kwa pembeni. Nyinyi siku zote hizi mnanitazama kwa pembeni. Ni saratani?"

Mama akaitikia kwa kichwa, kisha akakaa sakafuni pale pale aliposimama.

Nikajitosa mimi. Nilimweleza yote, na nadhani nilimweleza sawasawa, maana hakunikatiza. Nilipofika kwenye sauti, na jinsi nilivyoipigania, akakunja uso kama mtu aliyesikia bei ya ajabu.

"Nani kakwambia nataka sauti?"

"Baba, wewe ni Ngurumo."

"Ngurumo ni kule kazini. Hapa kitandani mimi ni mtu anayezibwa pumzi." Akaikusanya hewa. "Nikilala chali naona kama kuna mtu kanikalia shingoni. Wewe umelala chumba cha pili, unasoma vitabu vyako. Hujaniuliza hata siku moja naogopa nini. Sauti nimeiuza maisha yangu yote, Wakili. Sasa nataka kununua pumzi."

Wakili ni jina alilonipa utotoni kwa ubishi wangu, na Mama wanamwita Mama Wakili mtaa mzima. Sikumbuki kama limewahi kuniuma kabla ya leo.

"Kule uwanjani," akaendelea, "mali ikinadiwa na mwenyewe hayupo, tunaiitaje?"

Nilijua jibu. Yeye alijua kwamba najua.

"Wizi," nikasema.

"Haya. Kaa chini, unanizibia hewa."

Jumapili, 23 Machi

Dai langu lilikuwa la kweli. Nilikuwa nalielekeza kwenye chumba kimoja tu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda na Baba kwa mpasuaji. Tulimngoja katika korido ile, Baba ameketi, mimi nimesimama. Ni mama wa makamo, miwani mikubwa, mikono midogo kuliko nilivyotarajia. Nilimwambia kwamba mgonjwa hakukubali uamuzi, na kwamba anaomba kuwamo ndani Alhamisi. Aliniangalia mimi, si yeye.

"Kwenye chumba kile mgonjwa haingii," akasema. "Si kwa dharau. Tunabishana mle. Mwenzangu akinipinga hadharani mbele ya mgonjwa, mmoja wetu ataanza kumbembeleza mgonjwa ili amvute upande wake. Nimewahi kuona hospitali nyingine. Ilishinda tabasamu nzuri, si hoja nzuri. Na mgonjwa akituona tunatofautiana anadhani hatujui tunalofanya."

Ni hoja. Nasema hivyo nami si mtu wa kukiri upesi. Nilikuwa natafuta pa kuipasua, Baba akatangulia.

"Daktari, mimi nimekula kwa watu kubishana," akanong'ona. "Wakiacha kubishana ndipo ninapoogopa."

Mpasuaji akatabasamu kidogo, kisha akaisikia ile filimbi, na tabasamu likamtoka. Alimwambia afungue kinywa, akamulika, akamgusa shingo pande zote mbili.

"Njooni Alhamisi. Mtakaa nje. Ila mje mapema, na akizidiwa kabla ya hapo msingoje mtu, mleteni mapokezi ya dharura."

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Filimbi.

Jumatano, 26 Machi

Filimbi imepanda. Shangazi amehamia kwetu na godoro lake. Anamlisha kwa kijiko huku akimtukana: "Meza bwana, hujawahi kuwa mvivu wa kula hata siku moja." Baba alicheka, kicheko kikamkaba, nikaona uso wake ukibadilika rangi na Shangazi akishika ukuta. Kilipita. Hakuna aliyecheka tena.

Alhamisi, 27 Machi

Baba aliketi kwenye kiti cha korido. Tone lilikuwa linadondoka ndooni, naye akawa anavuta pumzi kwa kulifuata, kama vile limempa mwendo.

"Mdogo aanze," ikasikika ndani.

Daktari kijana akajibu: "Mimi sina la kusema."

"Kwa nini?"

"Niliyosema wiki iliyopita sikuyasikia kwa mgonjwa. Nilisema mgonjwa anataka sauti. Sikumuuliza."

Desturi ya chumba kile ndiyo iliyowanasa. Kama angeanza mkubwa, binti yule asingepata pa kuliweka neno hilo. Lakini alikwisha lisema, nalo lilikuwa mezani, na kila aliyemfuata kwa cheo ilimbidi alizunguke.

"Nilidhani wewe wa mionzi ulimuuliza kliniki," akasema daktari wa dawa.

"Mimi nilimuona siku moja tu, kabla ya skani. Nilidhani mwenyekiti, maana ndiye aliyemkata kile kipande cha nyama."

"Kipande nilikikata mimi," akasema mwenyekiti polepole, "na nilidhani mnajua." Halafu akauliza, "Sasa habari ya sauti ilitoka wapi?"

"Kwa mwanawe," akasema daktari kijana.

Baba alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alinitazama waziwazi, si kwa pembeni.

Kiti kikakwaruza sakafu, mlango ukafunguliwa wote, na mpasuaji akasimama mlangoni. Alitazama ndoo, akamtazama Baba.

"Leteni kiti," akawaambia walio ndani. "Viwili. Na huyu Wakili aingie, lakini afunge mdomo."

Sikujua kama jina langu limefika huko. Baadaye Mama aliniambia kwamba alikuwa ananiita hivyo chini kliniki, kwa sauti.

Chumba chenyewe ni kidogo. Meza ndefu, vikombe, ukutani picha kubwa ya koo la baba yangu, nyeusi na kijivu, kubwa kuliko yeye. Mwenyekiti akasema, "Tutabishana kama kawaida. Mzee, ukichoka inua mkono."

Wakabishana. Waliogopa mwanzoni, wakapunguza makali, lakini kufikia gegedu walikuwa wamesahau kwamba tumo. Wa mionzi alisema tumpe nafasi, dawa za siku hizi si za jana. Mpasuaji alisema njia ya hewa inaziba, na mionzi yenyewe huvimbisha kwanza. Huyu hatafika katikati ya matibabu bila kutobolewa shingo kwa dharura. Wa mionzi akasema basi atobolewe tundu la muda, sauti isiondolewe. Mara mbili nilifumbua kinywa. Mara mbili Baba aliuweka mkono wake juu ya goti langu, nao ulikuwa mzito.

Kisha yeye akainua kiganja.

"Niulize?"

"Uliza, mzee."

"Wewe bwana wa mionzi. Koo lingekuwa lako, ungeogopa nini?"

Yule mwembamba akafikiri. "Kunyamaza," akasema. "Nina watoto wadogo. Nawasomea hadithi."

"Na wewe mama?"

"Kubaki na kitu ndani," akasema mpasuaji. "Kila asubuhi niamke nikijiuliza kama kimerudi."

"Na wewe wa picha. Limeliwa au halikuliwa?"

"Mzee, siwezi kukuapia. Leo naona limeliwa kidogo. Kesho naweza nisione."

Baba akaitikia. Alitazama lile koo ukutani muda mrefu, kama anavyotazama kabati la mtu kabla hajalitajia bei ya kuanzia. Hakuna aliyemharakisha. Nilisikia tone la nje. Nilitamani, kwa nguvu zote za mtu aliyejifunza kusema, kusema.

"Wanangu wamekua," akasema. "Hadithi nilikwisha wasomea. Kata."

Akagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja.

Jumatatu, 31 Machi

Amelazwa. Nyumbani kimya. Shangazi anakaa kwenye kiti chochote isipokuwa cha Baba.

Jumatano, 2 Aprili

Walimchukua asubuhi. Kwenye kitanda chenye magurudumu alionekana mfupi. Mlangoni pa chumba cha upasuaji aliomba wasimame. Alimwita Mama kwa jina lake. Sijawahi kumsikia akilitamka mbele yetu. Siku zote ni Mama Wakili. Alilitamka kwa ule mkwaruzo uliobaki, mara mbili, kama anayehakikisha kuwa limefika. Mama akajibu, "Abee."

Kisha mimi. "Wakili, usiniongelee sana."

Hayo ndiyo ya mwisho kutoka katika kikoromeo kile. Shangazi anasema alimsikia akimnong'oneza nesi utani fulani ndani ya mlango. Simkatalii, na sitaki kujua.

Tulingoja mpaka mchana ukapita. Sijui nilisoma nini. Nilikuwa na kitabu mkononi, na nilipokitazama baadaye kilikuwa juu chini.

Mpasuaji alitoka, amevua kofia, nywele zimelala. "Yuko hai. Anapumua vizuri."

Alhamisi, 3 Aprili

Filimbi haipo. Nilisimama karibu na kitanda nikaisikiliza pumzi yake ikitoka shingoni, pana, bila kizuizi. Nilikuwa nimesahau kwamba pumzi ya mtu haina sauti.

Jumatano, 9 Aprili

Amenikonyeza. Shangazi alikuwa anamsema vibaya daktari wa zamu, naye hawezi kumjibu, akanikonyeza.

Alhamisi, 17 Aprili

Daktari kijana aliniita korido ya juu. Ndoo haikuwepo, paa limezibwa, au mvua imepungua. Alisema majibu ya maabara ya kile walichokitoa yamefika. Uvimbe umetoka wote, kingo ni safi. Nilitaka kumkumbatia.

"Kuna jingine," akasema. "Gegedu lilikuwa zima. Halikuguswa."

Nilielewa kabla hajamaliza. Wa mionzi angeweza kuwa sahihi. Ngurumo angeweza kunguruma tena.

"Angeweza," akasema yeye, akiwa ameusoma uso wangu. "Sisemi ingefaulu."

Nyumbani tulikuwa watatu sebuleni, kama siku ile. "Asiambiwe," Shangazi akasema papo hapo. "Mtu amekwisha katwa. Mnataka kumkata mara ya pili?" Nami, mwenye dai langu, mwenye kurasa zote hizi, nilitamani kukubaliana naye. Nilianza kuipanga hoja ya kunyamaza, na ilikuwa inapangika vizuri.

Ni Mama aliyesimama. "Mara hii hatumuuzi," akasema, akaanza kutafuta viatu vyake aende hospitali.

Nilimwambia mimi. Sikupamba. Baba alisikiliza, akageuza uso dirishani. Machozi yakamtoka na mabega yakatikisika, na hapakusikika chochote, hata pumzi ya kilio, kwa kuwa pumzi yake haipiti tena huko. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mama alimshika mkono. Shangazi aliniangalia kama muuaji.

Alipotulia alionyesha kabati la pembeni ya kitanda. Nikafungua. Nyundo. Sijui nani alimletea; nadhani msaidizi wake. Akaishika, akagonga chuma cha kitanda mara moja, mlio ukaenda wodi nzima mpaka nesi akachungulia.

Kila aliyewahi kufika uwanjani kwake anaujua mpigo huo. Nyundo ikishuka bei haifunguliwi tena. Hata mwenyewe akija analia.

Kisha akamwelekezea Shangazi nyundo, akamwita kwa kidole aje akae karibu.

Jumapili, 20 Aprili

Jua limewaka siku nzima.

Najua watakavyonijibu. Watasema: mmemwona dalali wenu, mlimwingiza chumbani, akapoteza sauti ambayo jopo lilikuwa limekwisha kuiokoa. Hoja hiyo nimejipigia mwenyewe siku tatu, na haijanishinda. Jopo halikuwa na jibu. Msomaji wa picha hakuweza kuapa. Pasipo na anayejua, kinachobaki kuamuliwa ni nani atakayebeba hasara, na hasara ile, mionzi au kisu, ilikuwa ibebwe na shingo moja tu. Uamuzi wa kwanza ulijengwa juu ya matakwa ya baba yangu yaliyotungwa na mimi, yakaandikwa kiganjani, yakasemwa na mwingine, yakaaminiwa na wote, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye aliyeuliza. Sikudai kwamba mgonjwa hawezi kukosea. Nilidai awemo. Leo baba yangu amepoteza kitu kilicho chake kwa mkono wake, na ndiyo maana aliweza kulia kisha akamwita dada yake akae karibu.

Daktari kijana ameniambia kwamba kilichotokea Alhamisi ile kilikuwa hisani ya mwenyekiti, si kanuni. Alhamisi iliyofuata mlango ulifungwa kama zamani, na mtu mwingine aliketi koridoni akisubiri kuteremshiwa.

Kwa hiyo kurasa hizi nazitoa, na Baba ameziruhusu, nilimuuliza. Nawauliza wanajopo, wa pale na wa kila mahali wanapoketi wataalamu kuamua kilicho cha mtu mwingine: kwa kanuni gani mwenye koo anakaa nje? Msinijibu kliniki kwa upole, wala msinitumie mtu wa kunituliza. Andikeni jibu lenu, litieni sahihi zenu, libandikeni kwenye ubao wa lango kuu, mahali ambapo anayesubiri benchini anaweza kulisoma na kulibishia. Desturi yenu ni nzuri. Basi na aanze aliye mdogo.

Mimi nimesimama kando ya mali.

Mara ya kwanza.

Mara ya pili.